Herufi Ndogo Baada ya Mkwaju

Leo asubuhi, Buruburu, Fezi ya Tatu,
mama aliniuliza mimi ni wa nani.
Nilikuwa nimeshika bakuli la uji wa wimbi.
Nikamwambia: wako.
Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyerudishiwa
chenji iliyozidi na karani asiyemjua,
akasema asante, msalimie mama yako.

Daktari pale Kenyatta, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni,
alinichorea nyuma ya fomu ya malipo:
kumbukumbu, dada, si chungu kimoja.
Ni vyungu kadhaa, kila kimoja na mafiga yake.
Hiki kimepasuka: siku zake mwenyewe,
nani alikuja, nani alizikwa.
Vingine bado vinatokota.
Nikaikunja fomu. Nikalipa mia nane.

Kweli vinatokota.
Muulize njia ya reli:
Kibera, Dagoretti, Kikuyu, Limuru,
hasiti, hapumui, Uplands, Kijabe, Longonot,
Naivasha, Gilgil, Nakuru, anaupanda Mau peke yake,
Londiani, Fort Ternan, Koru, Muhoroni,
mpaka Kisumu, ziwa limzuie.
Ila kwamba mwaka wa sabini na nne, daraja la tatu,
alinibeba mgongoni, surua ikinichoma,
kwenda kunionyesha kwa bibi kabla sijafa,
la.
Stesheni zipo. Abiria hawamo.

Na kuna lile la dirisha.
Hajui tena Agosti, wala tisini na nane,
wala kwamba ofisi ilikuwa Haile Selassie,
wala Ijumaa ile alivyorudi kwa miguu,
kiatu kimoja, nywele zimejaa chenga za kioo,
nikazitoa kwa kibanio cha nyusi hadi saa nane usiku.
Muulize. Atakwambia: bomu gani?
Lakini mwekee kiti karibu na kioo
uone anavyokivuta, taratibu, bila neno,
hadi mgongo ukutane na ukuta.
Mwili una faili lake. Haumwonyeshi hata mwenyewe.

Jioni vidole vyake hupiga meza.
Mwanzoni nilidhani ni kutetemeka.
Kisha nikaona kidole gumba kikigonga pengo,
na mkono wa kushoto, kila baada ya kitambo,
ukisukuma hewa kuelekea kulia.

Nikaenda Nyamakima, kwa fundi Gakuru, muuza redio zilizokufa,
nikanunua taipureta ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia.
Herufi h imelegea.

Nilipoweka karatasi hakuuliza ni nini.
Mabega yalinyooka. Macho yakaenda zake ukutani,
kwenye kalenda ya duka la mbao,
na vidole vikashika kazi bila yeye
kama ng'ombe wajuao zizi lao.

Barua ilitoka safi, pambizo sawasawa:
Kwa Mkuu wa Karakana. Kuhusu mabehewa kumi na mawili
yaliyochelewa Molo. Tafadhali rejea barua yetu.
Wako mtiifu, P. Thairu, na nafasi ya sahihi.
Chini kabisa, kona ya kushoto:
PT/rk

Kubwa za bosi, mkwaju, kisha mbili ndogo za mpiga chapa.
Rasoa Kageha.
Miaka ishirini na sita aliziweka pale,
ndogo, nyuma ya mtu mwingine,
na leo kaziweka tena bila kutazama.

Mama, huyu rk ni nani?
Aliikodolea karatasi muda mrefu.
"Msichana wa ofisini," akasema. "Ana kasi. Hakosei."

Nikatia karatasi nyingine.
Nikasogeza kiti changu kwake, huko ukutani,
nikaanza imla, polepole, sauti ya bosi:
Kwa Kadenyi, Buruburu. Kuhusu treni, na surua.

Vidole havikusita.
Kila h iliruka juu ya mstari.
Na jina langu alilipita kama gari la usiku
linavyopita stesheni ndogo:
bila kosa, bila kusimama.